Mtoto Mkekani, Kahawa Mtini

Hotuba ya katibu wa chama cha msingi, iliyosomwa mbele ya wanaushirika wa Bukoba na Muleba katika sherehe za Chama Kikuu, Siku ya Ushirika Duniani, Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai



Kamati ya sherehe ilinipa heshima ya kusema maneno machache siku ya leo, ikaniachia nichague mwenyewe jambo la kusemea. Nilipojibu kwamba nitasema juu ya matumizi ya nyumba katika mwaka wa kwanza wa mtoto mchanga, wajumbe wawili walicheka, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kliniki, wala si ya ushirika. Sikumlaumu. Hata mimi, kabla sijakabidhiwa daftari la chama, ningalisema vivyo hivyo.

Lakini katibu akaaye karibu na mizani huyaona mambo ambayo mkutano mkuu hauyaoni. Mwanachama aliyezoea kuleta magunia kumi na mawili huleta manane. Nami nimwulizapo kulikoni, aghalabu hutazama chini. Nikimngojea kidogo hunieleza. Sababu zinazorudi mwaka hata mwaka ni nne: ada ya shule, ugonjwa, msiba, na mtoto aliyezaliwa. Tatu za kwanza tumezisema sana katika mikutano yetu. Hii ya nne hatujaisema hata mara moja, labda kwa kuwa kuzaliwa kwa mtoto ni furaha, na mtu haoni vema kulalamika juu ya furaha.

Magunia manne yaliyopungua hayakuliwa na mdudu. Yaliuzwa yakiwa bado mtini. Kwa ajili ya wageni wetu waliotoka mbali, naomba nieleze kwamba kwetu biashara hiyo huitwa butura. Mwenye shida ya fedha humwendea mwenye fedha, naye hununua kahawa ikiwa ua, au ikiwa tunda bichi, kwa bei anayoitaka yeye. Siku ya mavuno huja na gunia lake kuchukua kilicho chake. Serikali imekataza, vyama vimekataza, wazee wamekaripia, na butura ingalipo. Haiishi kwa kukatazwa, kwani haikuanzishwa na ujinga. Ilianzishwa na kalenda. Fedha ya kahawa yetu huja kwa mkupuo mmoja, katika miezi ya mavuno kuanzia Mei hadi Septemba hivi, na mtoto hudai kila wiki, mwaka mzima, bila kujali kama mti una ua au una tunda.

Nawaomba radhi, wazee wangu, kwani sasa nitasema jambo ambalo katibu hapendi kulisema mbele ya wanachama wake. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza butura.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwezi Januari mwaka 2019. Wakati huo nilikuwa karani msaidizi, kijana aliyemaliza sekondari, mwenye mwandiko mzuri. Na mwandiko huo ndio uliotumika kuandika kumbukumbu za mkutano uliolaani butura. Wiki mbili baada ya mkutano huo nilikwenda usiku kwa jirani mmoja na kumwuzia magunia manne ya kahawa ya maganda, kila gunia kwa shilingi 30,000. Nilipata shilingi 120,000. Mwezi Julai, gunia langu nililolileta chamani lilifika shilingi 66,000. Magunia yale manne yangalinipa 264,000. Basi kwa kukopa shilingi 120,000 kwa miezi sita nililipa zaidi ya shilingi 144,000 juu yake, kwani gunia la yule jirani lilikuwa kubwa kuliko la chama, naye alilishindilia kwa goti. Sijasikia benki inayotoza riba ya namna hiyo. Wala simchukii mtu yule. Nilikwenda kwake kwa miguu yangu mwenyewe.

Sasa, kwa kuwa mimi ni mtu wa madaftari, nilikuwa nimeandika kila senti ilivyotoka. Baadaye, siku moja ya mvua, nililifungua daftari lile nikaona haya. Pikipiki ya usiku kwenda hospitali, na gari la kutuleta nyumbani: 25,000. Vifaa vya kujifungulia, yaani glovu, pamba, mpira wa kutandika na vinginevyo: 18,000. Nguo za mtoto, shali na beseni: 22,000. Chakula na vinywaji vya watu waliokuja kutupongeza: 37,000. Kopo moja la maziwa ya unga: 18,000.

Tazameni mafungu mawili ya mwisho. Jumla yake ni shilingi 55,000, karibu magunia mawili ya butura, na hakuna hata tone moja lililomfaa mtoto. Kopo lile la maziwa sikushauriwa na mganga wala muuguzi. Nililinunua kwa sababu nililiona kwenye kabati la mtu mwenye mshahara, nikataka nami mke wangu awe nalo. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa tele. Kopo likakaa juu ya kabati hadi unga wake ukashikana kama jiwe.

Ama juu ya wageni, sitaki nieleweke vibaya. Nyumba ya Mhaya isiyompa mgeni hata kahawa ya kutafuna si nyumba. Mgeni aliyekuja kumtazama mtoto amekuja na baraka, na wengi huja na mkungu wa ndizi, au maharage, au sabuni. Ninachosema ni kwamba desturi yetu ya asili ilikuwa nafuu kuliko hii tuliyojitengenezea. Bibi yangu aliwapokea watu kwa kahawa ya kutafuna na maneno mazuri. Mimi niliwapokea kwa kreti za soda, nami sikuwa na soda. Nilikuwa na maua ya kahawa.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa katika ile 120,000. Baada ya kelele za kuzaliwa kutulia, zilianza senti ndogo ndogo ambazo hakuna anayezihesabu: sabuni ya kufulia, mafuta ya kumpaka mtoto, dagaa na mayai kwa ajili ya mama anyonyeshaye. Niliziandika kwa miezi mitano, nikaona kwamba kwa wastani zilichukua shilingi 4,000 kila wiki. Mtu atasema 4,000 ni kitu gani? Zidisha kwa wiki 52: ni shilingi 208,000. Kuzaliwa kwa mtoto kulinitisha kwa sababu kulikuja siku moja. Lakini sabuni ndiyo iliyonila, kwani ilikuja kimya kimya.

Tuweke sasa hesabu mbili pamoja. Yaliyokuwa ya lazima wakati wa kuzaliwa, yaani safari, vifaa na nguo, ni 65,000. Ya kila wiki ni 208,000. Jumla ya mwaka ni 273,000. Na yale magunia manne, kwa bei ya Julai, yangalileta 264,000. Upungufu ni shilingi 9,000 tu. Magunia yale yale niliyoyatupa kwa mahitaji ya wiki chache yangaliweza kumlea mtoto karibu mwaka mzima, lau yangalipita kwenye mizani ya chama na fedha yake ikawekwa kando. Hilo ndilo lililonifanya nichague jambo hili kuwa la kusemea leo.

Sisemi kwamba hesabu yangu ni hesabu ya kila nyumba. Yuko atokaye kisiwa cha Bumbire au Goziba, ambaye safari yake ya kwenda hospitali huanza kwa mtumbwi na kungojea ziwa litulie. Yuko akaaye Kashai mjini, ambaye ndizi hununua sokoni. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani mwetu katika miaka ya 2000, wako hata watu wa Kamachumu na Nshamba wanaonunua ndizi, jambo ambalo babu zao wasingaliamini. Kila mmoja aandike yake. Ninachowaomba ni kuandika.

Mwaka wa kwanza wa mtoto una jambo moja jema kwa mtu apendaye hesabu: mengi yake yanajulikana mapema. Chanjo zina siku zake. Akizaliwa hupewa ya kifua kikuu na matone ya polio. Kisha hurudi akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kisha miezi 9 kwa ajili ya surua na rubela. Chanjo hizi hazilipiwi. Sera ya taifa imeondoa malipo kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, ingawa sote twajua kwamba dawa zikipungua rafuni mzazi huandikiwa karatasi na kuelekezwa dukani. Nauli ni juu yako. Lakini siku zikijulikana, nauli hujulikana. Na jambo linalojulikana miezi mitano kabla halina haki ya kutupeleka kwa mnunuzi wa maua.

Katika miezi sita ya kwanza anayelishwa kwa fedha ya nyumba ni mama, si mtoto. Wataalamu wa afya wote, wa hapa kwetu na wa Shirika la Afya Duniani, wasema neno moja: mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji, bila juisi, hadi atimize miezi sita. Ningependa akina baba walisikie neno hilo kwa masikio ya mhasibu. Maana yake ni kwamba shilingi iliyotengwa kwa kopo na chupa ihamie kwenye sahani ya mama: maharage, dagaa, mboga, parachichi, yai, na maji ya kunywa ya kutosha. Na mzigo wa kuni na ndoo upunguzwe mabegani mwake. Wako akina mama wanaoogopa kunyonyesha kwa sababu ya virusi vya ukimwi, na hofu hiyo katika mkoa wetu ina historia, kwani wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini walikuwa wa hapa Kagera, mwaka 1983. Siku hizi mama atumiaye dawa zake sawasawa hushauriwa kliniki namna ya kunyonyesha kwa usalama. Asiamue peke yake gizani, wala asikimbilie kopo kabla ya kuuliza.

Mtoto akitimiza miezi sita, ndipo jiko huanza kumdai baba kwa njia mpya, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea katika nia njema. Mtaniwia radhi, akina mama, ikiwa nitagusa kitu mnachokipenda. Nasema juu ya unga wa lishe. Tumeuona madukani umefungwa vizuri, na mashineni watu hupeleka mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga na vingine hata visivyojulikana, vyote visagwe pamoja, kwa imani kwamba nafaka zikiwa nyingi nguvu itakuwa nyingi. Afisa lishe aliyetutembelea kijijini alituambia wazi kwamba nafaka saba ni nafaka tu; na karanga au soya ikikaa miezi katika unga huweza kuvunda na kuota sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho. Alitushauri tupike uji wa nafaka moja, mzito wa kusimama kijikoni, kisha tuuongeze kitu chenye nguvu siku ile ile: karanga nzuri iliyochaguliwa na kusagwa, au maziwa kidogo, au yai.

Na baada ya uji, chakula cha nyumbani kilichopondwa. Hapa sisi watu wa ndizi hatuna budi kujitazama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa umri wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mkoa wetu wa Kagera umo miongoni mwa ile iliyo juu ya wastani huo. Mkoa wenye ndizi, maharage, ziwa lenye dagaa, na senene wanaoangukia mlangoni bila kulipiwa! Twawezaje kudumaza watoto? Nadhani jibu moja ni hili: ndizi hujaza tumbo upesi, na tumbo likijaa twaona kazi imekwisha. Mtoto wa miezi saba ana tumbo dogo kama ngumi yake. Likijazwa ndizi tupu, maharage hayana pa kukaa. Ndizi ipondwe pamoja na maharage yaliyomenywa, au na unga wa dagaa waliosafishwa mchanga na kusagwa, na tone la mafuta au kipande cha parachichi. Apewe mara mbili au tatu kwa siku kwanza, na akifika miezi tisa mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya. Asali asipewe kabla ya mwaka. Kikombe cha dagaa ni fedha kidogo sana. Lakini fedha hiyo kidogo yatakiwa kila wiki, na mwezi Machi haipo.

Niseme kidogo juu ya chandarua, kwani malaria ni fungu la matumizi ambalo halijiandikishi. Mtoto akiugua usiku mmoja, mama hukosa shamba siku nne, na baba hukosa kuanika kahawa. Wazee wa Muleba watajivunia kusikia kwamba utafiti uliofanywa wilayani mwao, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa ya kawaida iliyoongezewa kiambato kiitwacho PBO vilikinga watoto zaidi kuliko vya dawa ya kawaida peke yake. Na matokeo ya utafiti huo ndiyo yaliyolifanya Shirika la Afya Duniani litoe pendekezo lake mwaka 2017, hata kabla ya kuchapishwa. Chandarua hutolewa bila malipo kliniki, mama ajapo mara ya kwanza akiwa mjamzito, na tena mtoto ajapo kwa chanjo ya miezi 9. Nimekwisha kuona kimoja kimefunikwa vifaranga. Mwenye vifaranga yumo humu, sitamtaja.

Liko fungu jingine lisiloandikwa, nalo ni kubwa kuliko yote niliyoyataja. Ni mapato ya mama yanayokoma. Kwa desturi yetu kahawa ni ya baba. Maharage ya kibanjani, na njugu mawe za kule rweya, ni ya mama, na kwa hayo ndiyo hununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto mkubwa bila kumwomba mtu. Mama aliyejifungua mwezi Septemba amekosa kupanda maharage ya vuli. Hakuna aliyemnyang'anya, hakupanda tu. Mwezi Desemba mfuko wake ni mtupu, na kila kitu kidogo sasa chahitaji ruhusa. Baba huona mke wake amekuwa mwombaji wa kila siku, naye mke huona mume wake amekuwa mgumu, na kumbe wote wawili wanaumizwa na maharage yasiyopandwa. Katika kijiji changu wako akina mama wa kikundi kimoja waliojipangia kumlimia mwenzao aliyejifungua, asubuhi mbili tu, kibanja chake kikapandwa kwa wakati. Hawakumsubiri katibu awaandikie barua.

Siku hizi kuna ugumu mwingine. Zamani malipo yalipotolewa mkononi, mke aliiona fedha, hata kama hakupewa. Sasa malipo mengi hupita benki na simuni. Fedha huingia bila sauti, na mwenye simu ni mmoja. Nakubali kwamba njia hii ina usalama wake, nami nisingependa turudi kubeba noti katika mifuko ya turubai. Lakini sharti tuseme kweli kwamba imeondoa macho mawili katika hesabu ya nyumba.

Na msidhani kwamba bei nzuri itatutoa. Mwaka 2024 bei ya robusta duniani ilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka mingi, na sote tulifurahi. Katika kata yetu mnunuzi wa butura naye alipandisha bei yake. Wanachama wakasema, ameongeza, ni mtu mwema. Aliongeza, lakini umbali kati ya bei yake na ya chama ulibaki pale pale, maana mwezi wa Machi nao ulibaki pale pale.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, nina ombi ambalo chama changu cha msingi kimelijadili na kunituma nililete. Twaomba kwamba mwanachama ambaye nyumbani mwake mtoto anatarajiwa, au amezaliwa karibuni, aweze siku ya malipo kujaza fomu, yeye na mkewe wote wawili wakitia saini au dole gumba, ili sehemu ya malipo yake, gunia moja au manne kwa kadiri ya uwezo wake, iende katika akaunti ya akiba kwenye SACCOS kwa majina yao wawili, na itolewe kidogo kidogo kila mwezi kama mshahara. Na kwa yule ambaye mimba ilikuja baada ya malipo, kwa maana hatuwezi kuwaamuru watoto wote wazaliwe Julai, na mtoto wa Aprili siku ya malipo bado ni siri, twaomba Chama Kikuu kizungumze na SACCOS juu ya mkopo mdogo wa dharura, wenye riba inayojulikana, unaolipwa kwa kahawa ya msimu ujao ikiisha kupimwa.

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu liliulizwa kwetu na mzee mmoja wa miaka themanini na zaidi. Alisimama akasema: “Katibu, mwaka 1950 tulipoandikisha BNCU nilikuwa mtoto, baba yangu akalipa kiingilio. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote kwa siku moja. Hata sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha, nani alirudisha imani ya baba yangu? Leo wataka nikupe fedha ya maziwa ya kitukuu changu uniwekee?” Mkutano ulinyamaza. Nilimjibu kama ninavyojibu sasa, kwamba ana haki ya kuuliza. Chama cha mazao si benki na hakipaswi kujifanya benki. Ndiyo maana hatuombi fedha hiyo ikae katika sanduku la chama, wala mezani kwangu, bali katika kitabu chenye majina ya mume na mke, ambacho katibu hawezi kukifungua. Mzee alikaa chini. Hakusema amekubali. Alisema atatazama msimu mmoja.

Yako mapungufu katika ombi letu, nami sitayaficha. Mwenye magunia mawili tu kwa mwaka hana cha kuweka kando. Kwake yeye msaada ni wa kikundi na wa ndugu, na huenda ni wa mkopo. Bibi anayelea mjukuu yatima hana kahawa kwa jina lake, na fomu yetu kama ilivyoandikwa haimtambui. Twaomba Bodi ituambie aandikwe namna gani. Yuko pia mume atakayetia saini leo na kesho ajaribu kuvunja akaunti kwa ugomvi. Fomu yasema saini zote mbili zatakiwa katika kuvunja kama zilivyotakiwa katika kufungua.

Fomu zenyewe ziko kwenye meza ya karani, karibu na mizani, upande wa kushoto mkitoka. Zimepigwa chapa 200, na kalamu na wino wa dole gumba vipo. Kwetu si desturi kuitaja mimba kabla ya wakati, na mama mkwe wangu, ambaye ameketi safu ya tatu, atanisamehe. Lakini fomu ya kwanza tumeijaza mimi na mke wangu, kwa magunia matatu, kwa kuwa mtoto wetu wa tatu anatarajiwa mwezi Desemba. Nitakaa pale mezani hadi saa kumi na moja jioni.